Kibuyu Kisichoombwa kwa Mdomo

Nilipopigiwa simu kwamba Nyar Karungu amefariki, kabla moyo haujapata nafasi ya kuuma, makalio yangu yalijikaza yenyewe. Nilikuwa nimesimama jikoni na kikombe cha chai mkononi, mzee wa wajukuu kumi na mmoja, na mwili ukakumbuka mambo ya zaidi ya miaka hamsini bila kuniomba ruhusa. Akili yangu imesahau majina ya watu waliosimama na mimi siku ya harusi, lakini sehemu ile ya chini, ambayo kwa heshima ya msomaji nitaiita njia ya nyuma, haijasahau hata siku moja ya mwaka ule wa pili wa Uhuru. Ni mwaka niliokuwa na chumba Migori na kitanda cha hospitali Homa Bay, nikingoja kujua kama nitaendelea kwenda chooni kama watu wengine, au nitatobolewa tumbo na kufungwa mkebe ubavuni mpaka siku ya kuzikwa. Watoto wangu husema natia chumvi. Natia, ndiyo, sikatai. Lakini hofu ya mwaka ule sijaiongeza hata punje. Ilinijia ikiwa imekolea.

Nyar Karungu alikuwa mwenye nyumba wangu. Hilo halikuwa jina lake la kanisani. Kwetu Wajaluo mwanamke aliyeolewa huitwa kwa kwao, nyar, yaani binti wa mahali fulani, na yeye kwao ni Karungu, kando ya ziwa. Alikuwa na vyumba vitatu vya udongo vyenye paa la bati nyuma ya maduka, pale barabara inapoteremka kwenda darajani, na uani alikuwa akipika sabuni. Pipa lililokatwa nusu, mafuta ya ng'ombe, maji, na kostiki, ile soda kali ya sabuni inayokula ngozi ya mkono ukizubaa. Moshi wake ulikuwa mzito kiasi kwamba, naapa, nzi walikuwa wakiingia uani wakitembea kwa miguu. Mchana nilibeba magunia kwenye ghala la mahindi, jioni nilikwenda ngumbaru, shule ya watu wazima, kukaa kwenye dawati la watoto magoti yakiwa mashavuni. Kwa sababu ya ngumbaru Nyar Karungu aliniita Mwalimu. Alikuwa anatulisha sisi wapangaji bila kusema kwamba anatulisha. Alisonga ugali wa mtama, akaweka omena, dagaa wa ziwani, na mboga chungu katikati, akasema, "Mwalimu, njoo uniondolee chakula hiki, kimenishinda," na kumbe yeye mwenyewe hajaonja. Mgongoni kila wakati alikuwa na mtoto wake mchanga, Akinyi, akilala huku mama anakoroga pipa.

Sasa lazima nieleze habari ya kibuyu, maana bila kibuyu hakuna kisa. Kwetu siku zile tumbo likifunga, mtu hachemshiwi dawa ya kunywa peke yake. Anachemshiwa majani, yanapoa kidogo, maji yake yanatiwa kwenye kibuyu chenye shingo ndefu, na shingo ile inajua pa kwenda. Karibu kila boma lilikuwa na kibuyu hicho, kimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Na hakiombwi kwa mdomo. Unaingia kama mtu anayetafuta kaa la moto, unakichukua, unatoka. Jioni unakirudisha kimeoshwa, unakitundika pale pale. Mwenyewe anakuona na hakuoni. Ukikiomba kwa sauti umewatangazia watu wote, mpaka wakwe, hali ya tumbo lako. Nimeona wazee wenye ng'ombe mia wakinyemelea jikoni kwa wake za wadogo zao kama wezi wa kuku, na kila mtu uani ametazama upande mwingine.

Ilikuwa msimu wa mapera. Mtihani wangu wa kwanza ulikuwa umebakiza miezi mitatu, na mimi nilikuwa nikisoma huku natafuna, nadhani nilimaliza mti mzima na kuanza wa jirani. Mbegu za mapera zikafanya kazi yake. Siku ya tano bila kwenda haja, tumbo likiwa gumu kama jiwe la kusagia, niliingia jikoni kwa Nyar Karungu wakati yeye yuko sokoni na sabuni zake. Nikachungulia nyuma ya mlango. Kibuyu kilikuwepo, shingo ndefu, kwenye msumari wake. Ndani kilikuwa na ukoko mweupe, nikadhani ni mabaki ya dawa ya mwenzangu mvivu wa kuosha. Nikachemsha majani yangu, nikajifungia chumbani.

Sitasema mengi. Nitasema tu kwamba kostiki iliwahi kunirukia mkononi nilipokuwa nikimsaidia kukoroga, kwa hiyo moto ule niliufahamu mara moja, ila safari hii ulikuwa mahali ambapo huwezi kupuliza wala kumwagia maji. Nililala chini nikauma kona ya blanketi mpaka ikatoka. Kumbe kile kibuyu cha dawa nilichokuwa nimekizoea kilikuwa kimepasuka, na hiki Nyar Karungu alikuwa amekitundika hapo kiwe cha kupimia kostiki. Angejuaje kwamba nitakuja? Ningejuaje kwamba kimebadilishwa? Hakuna aliyesema kitu kwa sababu kwa habari ya kibuyu hakuna anayesema kitu. Na mimi nilifanya kama nilivyofundishwa: nilikiosha. Nilikisugua ndani kwa mchanga na maji mara tatu, mpaka kikang'aa, nikakirudisha kwenye msumari. Halafu nikaenda kazini kubeba magunia.

Kidonda kilipona, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Kovu la moto hujikunja, kila mtu ameliona kwenye mkono wa mtoto aliyeungua kwa uji. Sikufikiria kwamba hata huko ndani litajikunja. Mwezi wa kwanza nilienda choo chembamba kama penseli. Mwezi wa pili kama kamba ya kiatu. Mwezi wa tatu nilikuwa nikikaa chooni mpaka wapangaji wenzangu wanagonga na kuuliza kama nimehamia, na tumbo likaanza kuvimba na kunguruma. Niliacha kula mbele za watu. Mtihani ulipita nikiwa nimelala. Nyar Karungu alikuwa akinipitishia uji mwepesi mlangoni, anasimama kidogo, ananitazama jinsi ninavyokaa kwa ubavu, halafu anaondoka. Siku moja alisema, "Mwalimu, nenda Homa Bay. Usingoje kupona." Kesho yake akamwambia dereva wa lori la pamba anipeleke. Nilikaa juu ya marobota ya pamba, na nadhani katika nchi nzima ya Kenya hapakuwa na kiti kingine ambacho ningeweza kukikalia.

Wodi ya wanaume ilikuwa na vitanda vya chuma, mablanketi mekundu, na madirisha yaliyotazama ziwa, lakini mimi nilikuwa nikitazama meza ya magurudumu tu, nione inapitia kwa nani. Kitanda cha kulia alilala mchuuzi wa samaki wakavu kutoka Muhuru Bay, amekuja kukatwa ngiri, mtu mwenye maneno mengi kuliko redio. Mhudumu wetu, dresa kama tulivyowaita, alikuwa Mwita, Mkuria wa upande wa Kehancha, mwenye mikono mipana na uso usiocheka. Yeye hakujua Kijaluo, mimi sikujua Kikuria, kwa hiyo kuogopa kwangu kote nilikufanya kwa Kiswahili. Daktari alikuwa Mhindi mwembamba mwenye sauti ya chini. Siku ya kwanza aliniambia nipige magoti juu ya meza na kuweka kifua chini, makalio juu, mkao ambao mtu akiwa kanisani angesema naomba toba ya ukoo mzima. Kisha akatoa kwenye sanduku bomba la chuma linalong'aa, lenye taa ndogo mwishoni na mpira wa kupuliza hewa. Walisema ni refu kama mkono mpaka kiwiko. Mimi niliona refu kama daraja la Migori.

"Mwita," niliuliza, "hilo linaingia lote?"

"Likiingia lote utaniambia limefika wapi," alisema Mwita. "Pumua kwa mdomo. Usikaze. Ukikaza unajipigania mwenyewe."

Daktari alichungulia kwa muda mrefu. Nilisikia hewa ikiingia tumboni, nikasikia baridi ya chuma, nikasikia saa ya ukutani. Akamwambia Mwita naye achungulie. Mwita akainama, akasema, "Kama jicho la omena." Hicho ndicho kilichobaki cha njia yangu, tundu la jicho la omena, na kulizunguka pete nyeupe ya kovu. Daktari akauliza, kwa Kiswahili chake cha polepole, "Kuna mtu alitia dawa huku ndani? Dawa ya kienyeji? Kitu kikali?" Nikasema hapana. Akauliza tena. Nikasema hapana, daktari, ni mapera. Nilikuwa tayari kuyalaumu mapera ya dunia nzima. Kumtaja yule mama na kibuyu chake mbele ya watu niliona ni kumvua nguo. Na habari ikifika Migori kwamba sabuni yake imechoma mpangaji, nani angeinunua? Kwa hiyo niliuma ulimi, na daktari akaandika kwamba kovu ni la zamani, halijulikani limetoka wapi.

Tiba yenyewe ilikuwa vyuma. Ndani ya kisanduku cha mbao vilipangwa vyuma laini vya mviringo, kuanzia unene wa penseli mpaka unene wa kidole gumba, kila kimoja kwenye kitanda chake kama watoto wa boma moja. Daktari aliingiza bomba, akaliona tundu kwa taa, akapitisha chuma ndani ya bomba na kukisukuma pole pole kwenye pete ya kovu ili iachie. Wiki ya kwanza vilipita viwili vyembamba. Wiki ya pili, kwa kuwa aliamini kovu ni la zamani na gumu, alisukuma kwa nguvu zaidi, na hapo nikasikia kitu kikiachia kama uzi wa mshono. Damu ilitoka. Jioni nikawa na homa, meno yakigongana mpaka kitanda kikaanza kusafiri kuelekea mlangoni, na mchuuzi wa Muhuru akaniambia, kwa nia ya kunifariji, "Omera, ndugu yangu, mimi nilimwona mtu wa Rongo aliyeshindikana kama wewe. Walimtoboa hapa." Akagusa ubavu wake. "Akawa anatembea na mkebe. Akija kwa watu, mbwa wanamfikia kabla watu hawajamwona."

"Akaoa?" niliuliza.

Mchuuzi alifikiria kwa makini mno. "Alikuwa ameshaoa," alisema. "Mke akarudi kwao."

Asubuhi yake daktari na Mwita walizungumza nyuma ya pazia la kitambaa, kwa Kiingereza. Kiingereza changu cha ngumbaru kilitosha kuelewa neno la kukata, lakini hakikutosha kujua kama kinachokatwa ni mimi au ni bandeji. Baadaye Mwita alinieleza bila kupamba. Wiki ijayo daktari angejaribu chuma kinene mara moja ya mwisho. Kikikataa, au utumbo ukipasuka, ningepelekwa Kisumu kupasuliwa, na choo kingehamishiwa tumboni. "Ukipasuka ndani," alisema Mwita, "hata Kisumu ni mbali." Kisha akanikunjia blanketi miguuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na hilo likaniogopesha kuliko maneno. Kwa siku nne sikula wala sikufanya mzaha, na mimi bila mzaha, hata sasa mke wangu atakwambia, ni mgonjwa mahututi.

Siku ya tano, saa ya wageni, aliingia Nyar Karungu. Akinyi mgongoni, chungu kidogo cha uji wa wimbi kimefungwa kwa kitambaa, miguu imejaa vumbi. Siku hiyo ilikuwa ya soko Migori, siku ambayo hajawahi kuikosa hata akiwa na malaria. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akasalimia mchuuzi, akaulizwa habari za bei ya samaki, akajibu. Nikanywa uji. Alikuwa akiyatazama mablanketi, sio mimi. Tulikaa hivyo mpaka kengele ya wageni kutoka. Alipofunga chungu chake alisema, taratibu, kwa Kijaluo, "Nyathina, mwanangu, daktari si mtu wa boma letu."

"Ndiyo, mama."

"Huyo hana wakwe hapa. Hana jikoni hapa. Mtu kama huyo unaweza kumwambia chochote." Akafunga fundo mara ya pili ingawa lilikuwa limefungika. "Na kama kuna mtu utamtaja, huyo mtu hatakuwa na neno."

Akaondoka. Niliyachukua maneno yale kama maneno ya mama yeyote anayemtuliza mgonjwa. Nilikuwa na hofu nyingi mno kuweza kuwa na akili. Lakini yalikaa kichwani, na asubuhi ya siku ya chuma kinene, Mwita alipokuja na meza ya magurudumu, nilishika kiuno cha aproni yake nikasema, "Dresa, ngoja. Nilidanganya." Nikamwambia yote, kibuyu, msumari, ukoko mweupe, kostiki. Nilitarajia acheke. Hakucheka. Aliuliza, "Lini?" Nikamwambia miezi minne. Alitoka karibu akikimbia, na Mwita hakuwa mtu wa kukimbia.

Daktari alikuja akasimama kando yangu bila bomba. "Miezi minne," alisema. "Kumbe ni kidonda cha moto, bado kinaendelea kujikunja. Leo ningekisukuma, ningekipasua." Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Kwa nini hukusema?" Nilitafuta namna ya kumweleza mtu msomi habari za msumari ulioko nyuma ya mlango, nikashindwa, nikasema niliona haya. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jibu hilo kwenye vitanda vyote vya wodi. Chuma kinene kikarudi kwenye kisanduku. Nilipumzishwa wiki tatu kwa uji na mchuzi wa samaki, kisha tukaanza upya kutoka penseli, chuma kimoja kwa wiki, bila haraka, daktari akichungulia kila mara kabla hajasukuma hata unywele. Hofu haikuondoka, kila Jumanne niliogopa upya kana kwamba Jumanne iliyopita haikuwapo. Lakini vyuma vilipita kimoja baada ya kingine, na siku kile cha kidole gumba kilipopita, Mwita alichungulia kwenye bomba, akainuka, akasema, "Sasa ni jicho la mbuta," yule samaki mkubwa wa ziwani, na huo ndio mzaha pekee niliowahi kusikia kwake. Mchuuzi wa Muhuru alikuwa ameshakwenda nyumbani, la sivyo angepiga mbiu mpaka Tanzania.

Nilirudi Migori nikakuta pipa la sabuni limegeuzwa juu chini na kuku wamelala ndani. Nyar Karungu alikuwa akiuza omena. Alisema moshi umemchosha macho. Niliamini. Mwaka uliofuata nilifanya mtihani, nikapita, nikapata kazi ya ukarani Rongo, na kwa miaka yote hiyo kila nilipomtembelea alinipa kiti chenye mto na kuniuliza swali moja, "Mwalimu, unaendelea vizuri?" Nikajibu vizuri, mama. Hatukuwahi kusema zaidi ya hapo.

Siku ya mazishi, watu walipokuwa wakila, Akinyi alikuja kukaa karibu nami na sahani yake. Yule mtoto wa mgongoni sasa ana mvi. Alisema, "Mwalimu, mama alikuwa akisema wewe ndiye uliyemwachisha sabuni."

"Mimi? Nilimfanya nini?"

"Alisema siku moja alitoka sokoni akakuta kibuyu chake cha kostiki kimeoshwa. Kimesuguliwa mpaka kinang'aa." Akinyi alimega ugali, akauchovya, hakuula. "Kibuyu cha kupimia kostiki nani anakiosha? Alijua kuna mtu amekitumia. Alikuwa na wapangaji watatu. Akawa anawatazama mnavyotembea."

Miezi yote ile ya uji mlangoni, yule mama amesimama akitazama ninavyokaa kwa ubavu, akijua, na akiogopa kama mimi, kila mmoja upande wake wa ukimya mmoja. Na ile siku ya soko aliyokuja mpaka Homa Bay kwa maneno matatu kando ya kitanda. Nilikuwa nimeyaita maneno ya kutuliza mgonjwa.

"Tangu hapo," Akinyi alisema, "nyumbani kwetu kila kitu kiliombwa kwa mdomo. Chungu, jembe, hata kibuyu cha tumbo. Usipokitaja kwa sauti hupewi. Majirani walitucheka sana. Sisi wenyewe tuliona haya mpaka tukaolewa."

"Na kile cha kostiki, bado kipo?"

"Kiko nyuma ya mlango. Hakukitia kitu tena."

Uani palikuwa na watu wapata elfu mbili. Sawa, tuseme mia mbili. Wazee wa kanisa walikuwa karibu, na wakwe wa Akinyi, wamekaa kwenye viti vya heshima. Niliweka sahani chini nikasimama, na nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Akinyi, nakiomba kile kibuyu cha tumbo cha mama yako."

Wazee wakatazama upande mwingine. Akinyi akainuka, akaingia jikoni, akatoka amekishika kwa shingo yake ndefu, chepesi, chenye vumbi la miaka juu. Akaniuliza kama nataka akioshe kwanza.

Nikamwambia ndani ni safi. Nilikiosha mwenyewe.